Mje na vitabu vya hesabu, na mje na mwenye kalamu

Kwa Mwenyekiti wa Baraza la Chuo, kwa Naibu Chansela, na kwa naibu wake wa fedha na utawala

Kuhusu: mazungumzo ya mkataba wa ndani baina ya chuo na tawi la chama cha wahadhiri

Ama baada ya salamu.

Mheshimiwa Mwenyekiti, anayekuandikia ni mhadhiri wa uhasibu, mwaka wa kumi na nne sasa katika chuo hiki hiki, na mmoja wa wale watu watano wanaokaa upande wa dirishani kila mnapotuita mezani. Jina la chuo nimeliacha makusudi. Anayehusika anajijua. Asiyehusika akidhani ni chuo chake kinachosemwa, pengine naye hatakuwa mbali na ukweli. Wenzangu wa tawi wamekubali niandike, ila maneno ni yangu peke yangu. Yakiwachoma, nilaumuni mimi.

Nianze na kikao cha saba, maana ndicho kilichonikalisha niandike.

Ilikuwa Jumatano, saa nne asubuhi, chumba cha mikutano cha jengo la utawala. Kiyoyozi kinafanya kazi pale. Silisemi hilo kwa kijicho, ingawa ndicho chumba pekee chuoni ambamo nimevaa koti mwezi wa Machi na nisijute. Maji ya chupa yalikuwa yamepangwa. Saa tano kasoro yakaja mahamri na chai ya maziwa yenye iliki, na tukaacha karatasi tukala. Hatukuvunjiwa heshima hata kidogo, na hilo nalisema kwa kuwa ni kweli. Ila nimeanza kuona kwamba ukarimu nao hula saa. Tuliporudi kwenye ajenda ya tatu, ya makato, tuliuliza swali moja tu, tena tulikuwa tumeshalituma kwa barua wiki tatu kabla: muhula uliopita chuo kilipokea shilingi ngapi, zilitoka wapi, na zilikwenda wapi?

Afisa wa fedha akafungua laptopu, akarusha jedwali ukutani. Mistari mitatu. Wa kwanza, mapato. Wa pili, matumizi. Wa tatu, pengo, kwa rangi nyekundu. Basi.

Mheshimiwa, riziki yangu ni kufundisha watu kusoma hesabu. Mwanafunzi wa mwaka wa pili akiniletea taarifa ya mistari mitatu simpi sifuri. Namrudishia karatasi yake na kumwambia hajaanza kazi. Na huyo aliyekuwa amesimama kando ya ukuta na rimoti mkononi nilimfundisha mimi mwenyewe ukaguzi wa hesabu, saa moja asubuhi, Jumanne na Alhamisi, na alikuwa katika watatu bora wa darasa lake. Alijua nafikiri nini. Nilipomuuliza viambatisho viko wapi, aliangalia ncha za viatu vyake, akasema kwa sauti ya chini, "Maalim, hii ndiyo niliyoambiwa nije nayo."

Simlaumu. Ana watoto, na kazi zenyewe Mombasa hii mwazijua. Nawalaumu waliomtuma.

Kisha katibu wa tawi letu akauliza lile swali lake la kila kikao: tukikubaliana hapa leo, nani kati yenu ana mamlaka ya kutia sahihi? Jibu likawa lile lile la kikao cha kwanza, cha pili, hadi cha sita. "Itabidi tushauriane na wakubwa." Vikao saba, Mheshimiwa, na hao wakubwa hatujawatia machoni. Tumekuwa tukijadiliana na matarishi. Wanasikiliza vizuri, wanaandika kila kitu, wanaondoka na maneno yetu, na wiki mbili baadaye wanarudi mikono mitupu. Kuna siku mmoja wao alituuliza sisi kama tumesikia lolote kutoka juu.

Mgogoro wetu wote uko hapo, katika jedwali la mistari mitatu na kiti cha mwenye kalamu kilicho kitupu. Waraka mliowatumia wanafunzi umesema wahadhiri wanadai pesa ambazo chuo hakina. Aliyeuandika hakuwa chumbani. Hatujawahi kuwaomba pesa msizokuwa nazo. Tumewaomba mtuonyeshe mlizo nazo, ili tukikubali kufunga mkanda tujue tunaufunga kwa ajili ya nini na hadi lini.

Wala si hisani tunayoomba. Kifungu cha 57 cha Sheria ya Mahusiano ya Leba ya mwaka 2007 kinamtaka mwajiri aliyekitambua chama afunge nacho mkataba wa pamoja, na kifungu kidogo cha pili kinamtaka atoe taarifa zote zinazohusika ili chama kiweze kujadiliana sawasawa. Taarifa zote. Haikusemwa mistari mitatu. Nayo Katiba ya 2010, katika ibara ya 41, imekipa kila chama cha wafanyakazi haki ya kujadiliana kwa pamoja, na imempa mwajiri haki hiyo hiyo. Watu hulisahau hilo la mwisho. Meza ile ni yenu kama ilivyo yetu, na nashangaa mnavyoikimbia kana kwamba mmeitwa polisi.

Ninalijua jibu lenu, kwa sababu nimelisikia na kwa sababu nusu yake ni kweli. Mtasema serikali haileti. Sawa. Mimi ni mtu wa hesabu, sitakataa linaloonekana. KCSE ya 2016, yaani mtihani wa kumaliza kidato cha nne, baada ya wizi wa mitihani kubanwa, waliopata alama ya C+ kwenda juu, ndiyo ya kuingilia chuo kikuu, walikuwa 88,929 nchi nzima, na wale wanafunzi wa kujilipia wa jioni na wikendi, ambao karo zao ndizo zilizokuwa zikiendesha vyuo vingi, wakapukutika kama majani ya mkungu. Nakumbuka ukumbi wetu wa jioni ulikuwa ukijaa hadi watu wanasikiliza dirishani. Leo mlinzi anaweka baiskeli yake humo. Kisha Mei 2023 ukatangazwa mfumo mpya wa ufadhili, msaada na mkopo kwa kadiri ya hali ya familia ya mwanafunzi, na tangu hapo pesa za HELB, bodi ya mikopo ya elimu ya juu, zikichelewa, karo nayo inachelewa. Siku za mtihani nawaona vijana wamesimama nje ya ofisi ya karo na simu mkononi, wanampigia mjomba, wanampigia shangazi. Hayo yote nayajua. Pengo lile jekundu huenda ni pengo la haki kabisa.

Lakini pengo ni jibu la hesabu ya kutoa, na hesabu ya kutoa ina namba mbili juu yake. Hizo ndizo tunazotaka kuziona zikiwa zimekunjuliwa. Katika matumizi, mishahara ni kiasi gani? Posho za vikao? Mafuta ya magari? Mawakili? Pango la kampasi zile za nje? Sisemi zimeliwa, na atakayesema nimesema hivyo ananisingizia. Ila mtu akikuficha daftari miezi minane, halafu akakasirika ukimtilia shaka, hapo kosa si lako.

Sasa niwape la kwangu, maana barua hii isingekuwapo bila hilo.

Mwaka juzi nilimdhamini mwenzangu wa maabara akope Sacco, chama chetu cha akiba na mikopo. Mtu mwaminifu, nimemjua tangu tukipanga chumba kimoja Tudor. Mkopo wake unakatwa kwenye mshahara, shilingi 14,200 kila mwezi, na hati yake ya mshahara inaonyesha hivyo, mwezi baada ya mwezi, hakuna uliokosa. Mwezi uliopita nikapata barua: mkopo haujalipwa miezi mitano, wadhamini waandae fedha. Nikachukua hati zake tano za mshahara, nikaenda kwenye kaunta. Binti aliyekuwa pale, mwenye buibui na miwani, alizipokea, akazipanga moja moja juu ya kaunta kama anayecheza karata, kisha akanigeuzia skrini yake ili nami nione. Agosti, sifuri. Septemba, sifuri. Akashuka hivyo kwa kidole hadi mwisho. "Baba," akasema, "hapa kwetu hakijafika kitu."

Karatasi zenu zasema zimekatwa. Skrini yao yasema hazikufika. Baina ya ofisi yenu na ile kaunta ni mwendo wa matatu moja, tena si wa saa ya msongamano.

Sheria ya Vyama vya Ushirika imelizungumza hili waziwazi katika kifungu cha 35: mwajiri akimkata mwanachama na asiwasilishe ndani ya siku saba, atalipa kilichokatwa pamoja na riba mlimbikizo isiyopungua asilimia 5 kwa mwezi. Nilipofika nyumbani nikaipiga hesabu, kwa tabia mbaya ya kazi yangu. Shilingi 14,200 mara tano ni 71,000. Kwa riba hiyo, hadi leo, ni 82,387. Huyo ni mtu mmoja na mkopo mmoja. Nyinyi mnaosema chuo hakina pesa mnakopa kwetu bila kutuuliza, kwa riba ambayo benki ikiwatajia mtatoka mbio. Na Sheria ya Ajira nayo, kifungu cha 19, inamtaka mwajiri apeleke alichokata, na inalihesabu kuwa kosa asipopeleka. Sijaandika ili kuwatisha na mahakama. Nimeandika kwa kuwa kikao cha nne mjumbe wenu alituambia makato ni "suala la kiutawala, si la mkataba." Mwenzangu anasakwa na wadai kwa deni alilolipa, nami nimeingia orodhani pamoja naye, tukiliweka hilo nje ya mkataba, ndani tutaweka nini? Rangi ya kuta?

Ya bima ya afya sitaingia sana. Kila mwezi asilimia 2.75 ya mshahara inatolewa, na kuna mama katika idara yetu aliyefika hospitali na mtoto ana homa, usiku, akaambiwa mchango wake hausomi. Alilipa kwa kukopa kwenye simu. Hilo linatosha.

Nizungumzie wahadhiri wa muda, maana hao hawana kiti mezani, na kwa kweli hata upande wetu wapo wasiotaka wawe nacho. Nimesikia mwanachama akisema kikaoni, "Tukiwaingiza hawa, kidogo kilichopo kitagawanywa." Niliona haya, Mheshimiwa, lakini sitaificha. Nusu ya masomo ya mwaka wa kwanza katika idara yangu yanafundishwa na watu wa muda. Wasipokuja, chuo hakifunguki.

Mmoja wao anakaa Likoni. Feri ni bure kwa waendao kwa miguu, na huwa anasema hiyo ndiyo sehemu pekee ya kazi yake isiyomgharimu. Amefundisha mihula sita, na katika hiyo sita amelipwa miwili, wa kwanza na wa tatu. Kwa nini wa tatu na si wa pili hakuna anayeweza kumweleza. Siku moja alinionyesha faili yake. Faili ngumu, nyeusi, ya kubana kwa chuma, na ndani yake kila fomu ya madai ina nakala nne. Fomu huanzia kwa mkuu wa idara, ikaenda kwa mkuu wa kitivo, ikaenda kwa msajili, ikaenda kwa mkaguzi wa ndani, ndipo ikafika fedha, na popote katika njia hiyo inaweza kupotea. Zamani ilikuwa ikipotea naye anaanza upya. Siku hizi haachi fomu dirishani bila kupigiwa muhuri wa tarehe kwenye nakala yake, kisha anaipiga picha kwa simu, muhuri na kidole cha karani aliyeupiga. Alinionyesha picha hizo. Vidole vitupu, vidole vya hina, kidole chenye plasta. Mtu ana shahada ya uzamili, na utafiti anaoufanya ni wa vidole vya makarani.

Mnapotangaza kabla ya mahafali kwamba kuna "alama zilizopotea," nyingine hazikupotea. Ziko ndani ya sanduku chini ya kitanda, ng'ambo ya kivuko. Nilimwambia mwenzangu huyo simuungi mkono katika hilo, maana mtoto wa watu hakumdhulumu yeye. Akaniuliza, "Basi nishike nini, Maalim? Nyinyi mna mgomo. Mimi nikigoma nani atajua?" Nilikuwa na jibu la kitabuni, nikaona nilimeze.

Tunachokitaka kwa watu hawa kimo katika kifungu cha 14 cha rasimu tuliyowapa: barua ya ajira kabla ya muhula kuanza, kiwango kimoja cha malipo kwa saa kijulikane, fomu moja ipite mikono miwili badala ya mitano, na malipo ndani ya siku sitini baada ya alama kuwasilishwa. Mmekirudisha kifungu hicho kimepigwa mstari mmoja mrefu wa kalamu nyekundu. Hakuna neno pembeni.

Labda wasomaji wasiokuwa wa vyuo watajiuliza, mbona kelele nyingi na mishahara huamuliwa Nairobi? Ni kweli, mshahara wa msingi hujadiliwa kitaifa, baina ya UASU, chama cha kitaifa cha wahadhiri, na jukwaa la mabaraza ya vyuo vikuu vya umma, na Tume ya Mishahara na Marupurupu ikiwa na neno lake. Mkataba wa ndani ni wa mambo ya nyumbani: wingi wa masomo kwa mhadhiri mmoja, ukubwa wa madarasa, kupandishwa vyeo, likizo ya masomo, matibabu, makato, wahadhiri wa muda. Mengi ya hayo yanahitaji mtu aamue kuliko yanavyohitaji fedha. Kupeleka fomu mikono miwili badala ya mitano kunagharimu nini?

Na hilo la kitaifa ndilo lililotufundisha kutoamini vikao vinavyorefuka. Mkataba wa 2013 hadi 2017 ulitiwa sahihi Machi 2017, baada ya mgomo wa siku 54, muda wake ukiwa ukingoni. Ule wa 2017 hadi 2021 ulibakiza deni lililobishaniwa miaka. Serikali ilisema limebaki shilingi milioni 624, chama kikasema bilioni 7.9, na ilibidi siku 49 za mgomo, kuanzia Septemba 17 hadi Novemba 5, 2025, ndipo ikakubaliwa kulipa hizo bilioni 7.9 kwa awamu mbili, ya kwanza Novemba ile na ya pili Julai 2026. Mtoto aliyezaliwa mkataba ule ukianza alikuwa ameshajua kusoma na kuandika. Hivyo mkituambia "tuwe na subira, mchakato unaendelea," mjue neno hilo mchakato masikioni mwetu linasikikaje.

Huo mgomo wa siku 49 hakuna aliyeufurahia upande wetu. Nimefidia vipindi vyangu hadi saa mbili usiku, Jumamosi na Jumapili, katika ukumbi wenye feni sita ambazo mbili ndizo zinazozunguka, wanafunzi mia mbili na zaidi mahali pa sitini, jasho likidondokea karatasi. Kuna msichana kutoka Taita aliyenieleza kwamba miezi ile chumba alikuwa akikilipia pale pale Kisauni, maana akikiacha hatakipata tena. Wazazi wake walilipa kodi ya kukaa bila kusoma. Katika wote waliohusika na mzozo ule, yeye ndiye hakuwa na kiti wala sahihi. Sitaki kurudi huko, na wanachama wetu wengi hawataki, ingawa ilani ni ya siku saba tu na kuiandika ni kazi ya nusu saa.

Mji huu una kumbukumbu ndefu katika mambo haya. Januari 13, 1947, wafanyakazi wa bandari, wa reli, wa mahoteli na wa majumbani waliweka chini vyombo vyao, Mombasa ikasimama, wakawa wanakutana katika uwanja walioupa wenyewe jina la Kiwanja cha Maskini. Yule mkoloni alikuwa na polisi na alikuwa na magereza, na Chege Kibachia aliyekuja kuwaongoza watu wale hatimaye alikamatwa na kupelekwa mbali Kabarnet. Lakini hata mkoloni huyo baada ya siku kumi na mbili alilazimika kuunda baraza la uamuzi lililokaa kitako kuangalia mishahara na gharama ya maisha ya mtu wa Mombasa. Aliangalia hesabu. Na wahadhiri waliotutangulia waligoma 1993 na 1994 wakidai chama chao kisajiliwe, viongozi wao wakapoteza kazi, na usajili haukuja hadi 2003. Nafasi ya kukaa upande wa dirishani na kula mahamri yenu ililipiwa na watu wengine, kwa hiyo mtuwie radhi tukionekana tunaichukulia kwa uzito kupita kiasi.

Kuna jambo jingine dogo ambalo kwangu ni kubwa. Mkataba wetu wa mwisho wa ndani ulitiwa sahihi. Picha ipo, bado imetundikwa kwenye korido ya utawala: mikono imeshikana, watu wanatabasamu, mmoja wetu amefunga tai niliyomwazima. Lakini chini ya kifungu cha 59 cha sheria ile ile ya 2007, mkataba wa pamoja hutekelezeka ukishasajiliwa na mahakama ya leba, na kifungu cha 60 kimempa mwajiri siku kumi na nne kuupeleka. Haukupelekwa. Tulipouliza tukaambiwa uko kwa mwanasheria. Tulipomuuliza mwanasheria akasema hajauona. Tulikuja kuuona sisi, miaka miwili baadaye, katika kabati la mhazili aliyekuwa akistaafu, umo ndani ya bahasha ya kaki pamoja na kadi za Idi. Safari hii tunataka tarehe ya kuupeleka mahakamani iandikwe ndani ya mkataba wenyewe, na nakala moja tutaibeba sisi hadi kwenye dirisha la mahakama, hata kama ni kwa miguu.

Basi, Mheshimiwa Mwenyekiti, Profesa, na wewe ndugu yangu wa fedha. Kikao cha nane kimepangwa Jumatano ijayo, saa nne, chumba kile kile. Tutakuja watano kama kawaida. Tunaomba taarifa ya mapato na matumizi ya mihula miwili iliyopita, mstari kwa mstari, tuipate Jumatatu ili tuisome kabla, na tuko tayari kutia sahihi ya kutunza siri kwa yale yanayostahili siri. Tunaomba orodha ya makato yote yaliyokatwa na hayajapelekwa, mwezi kwa mwezi, na ratiba ya kuyapeleka, ikianza na ya Sacco na ya afya. Kijana wenu wa jedwali anaweza kuyatayarisha hayo kwa alasiri moja. Najua kwa sababu nilimpa zoezi gumu kuliko hilo akiwa mwaka wa tatu na alilimaliza kabla ya wenzake. Mruhusuni tu.

Na aje mmoja wenu mwenye mamlaka. Akija mmoja, hata akisema hapana kwa kila tulichoandika, tutakuwa tumepiga hatua, maana hapana yake itakuwa ya mtu tunayemjua na tutaweza kumuuliza kwa nini.

Barua ya Sacco imewapa wadhamini hadi tarehe 30. Nimeipiga nakala, nimeiambatisha, pamoja na zile hati tano za mshahara wa mwenzangu, kwa ruhusa yake. Nakala yangu naomba ipigwe muhuri wa tarehe pale mapokezi.

Wenu katika kazi,

Mhadhiri wa uhasibu, mjumbe wa kamati ya mazungumzo ya tawi
Mombasa